KONA YA WALIMU: Daftari la Kule

Mwezi huu tuongee juu ya kusubiri. Hapa Nyarugusu jambo hili tunalijua sana. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, na wako walioingia hapa wakiwa mgongoni mwa mama zao ambao leo wanatuletea watoto wao darasani.

Kusubiri kwenyewe si kosa. Mwenye faili la nchi ya tatu lazima asubiri: UNHCR inapeleka jina, nchi inayopokea inafanya mahojiano yake, halafu vipimo vya afya, halafu ndege. Nchi ile ndiyo inaamua. (Na hakuna anayeuza nafasi humo, hata akija na suti namna gani. Ukiombwa pesa, ujue unaibiwa.) Mwenye kufikiria kurudi Kivu naye anasubiri, kila jioni sikio liko kwenye redio. Shida inaanza pale kusubiri kunapokula siku ya leo.

Sisi tunaiona kwa watoto. Kuna mwanafunzi alikuwa na daftari jipya, safi kabisa, lakini kila siku anaandika kwenye vikaratasi vya kuokota. Tulipomuuliza akasema, "Mwalimu, hili ni la kule." Mwingine hataki rafiki, eti wataachana bule. Nyumbani wameambiwa "mwezi ujao tunaondoka", na mwezi ujao umeshapita mara nyingi. Mtoto anashika maneno ya mzazi kuliko mzazi mwenyewe anavyoyashika.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Safari zikafutwa, hata za watu waliokuwa wameshapangiwa siku ya kuruka. Mnakumbuka kilio chake. Wako waliokuwa wameuza baiskeli, sufuria, magodoro, na watoto wametolewa shule. Jirani aliyebaki na sufuria yake aliumia vilevile, tusidanganyane, lakini jioni ile alipika, na asubuhi mtoto wake alikuwa na mahali pa kukaa darasani. Tofauti ni hiyo tu, na si ndogo.

Hatusemi watu waache kutumaini. Mtu akisema "sahau safari, furahia leo", huyo hajawahi kupanga mstari wa posho na mtoto mwenye homa. Tunachosema ni kwamba leo nayo ina kazi zake. Mtoto akiuliza "tunaenda lini?", mwambie ukweli: siku hatuijui, ikijulikana utaambiwa, kesho unaenda shule. Jibu hilo linamtosha kuliko tarehe ya uongo.

Halafu buletini. Itunzeni ndani ya plastiki pamoja na karatasi za familia, maana panya na mvua havichagui. Anayerudi Kongo ataulizwa amefika darasa la ngapi, anayekwenda mbali ataulizwa hivyohivyo, na anayebaki atapanda darasa hapahapa. Mwaka uliopotea haurudishwi na nchi yoyote.

Na kale kabustani nyuma ya nyumba, mama zetu, msikaache. Lengalenga haina haja ya miaka. Ukimwaga mbegu leo na ukapata maji kidogo ya kuogeshea, wiki tatu au nne unachuma. Kama safari ikija katikati, jirani atachuma, naye atakukumbuka.

Yule wa daftari tulikaa naye baada ya masomo. Hatukumlazimisha. Tulimwomba aandike ukurasa mmoja tu, jina lake na la kijiji walikotoka. Akaandika kurasa tatu, halafu akauliza kama "Fizi" inaandikwa kwa herufi kubwa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, tunawangoja wazazi shuleni kwa ajili ya kuangalia buletini. Mwenye mbegu zilizozidi alete hata kikombe kimoja.