Kiingilio Kiwe Debe la Udongo

Watu wengi wakisikia jina la Wimbledon hudhani ni mashindano yaliyoanzishwa na matajiri kwa ajili ya fahari tu. Nami nimesoma habari zake, nikaona kwamba yalianza kwa sababu ya rola mbovu. Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nisimulie habari hiyo kwa ufupi, kisha nitoe shauri moja kwa wanafunzi wenzangu, kwa walimu wetu na kwa wazazi.

Mwaka 1877 Malkia Victoria alikuwa akitawala Uingereza. Huku kwetu, meli ya moshi iitwayo Ilala ilikuwa na miaka miwili tu tangu iingie Ziwa Nyasa. Karibu na London, mahali paitwapo Wimbledon, palikuwa na chama cha watu waliocheza krokei, yaani mchezo wa kugonga tufe kwa nyundo ya mti ili lipite katika vijitao vya chuma. Yasimuliwa kwamba rola ya kusawazishia nyasi zao, iliyokokotwa na farasi mdogo, iliharibika, na fedha za kuitengeneza zikawa hazipo. Wakubwa wa chama wakaona heri waandae mashindano ya mchezo mpya uliokuwa umeanza kupendwa, yaani tenisi ya kwenye nyasi, watu walipe ili kutazama.

Wakatangaza gazetini. Kiingilio cha mchezaji kilikuwa gini moja, yaani shilingi 21, nayo haikuwa fedha ya mtu maskini. Wakajiandikisha wanaume 22. Mchezo ulianza Julai 9, ukasimamishwa kidogo ili watu waende kutazama kriketi kati ya shule mbili, Eton na Harrow, kisha mvua ikaichelewesha fainali hadi Julai 19. Watazamaji wapatao 200 walitoa shilingi moja moja. Spencer Gore, kijana wa miaka 27, alimshinda William Marshall kwa 6-1, 6-2 na 6-4, kwa dakika 48. Huo ndio mwanzo wa mashindano ambayo leo hutazamwa dunia nzima.

Mimi naona kwamba kilichoyadumisha si fedha zile kidogo, bali ni sheria. Kabla ya hapo watu hawakucheza wote kwa namna moja, na viwanja vingine vilikuwa vyembamba katikati kama kiuno cha nyigu. Watu watatu, Henry Jones, Julian Marshall na C. G. Heathcote, waliketi wakaandika sheria: kiwanja kiwe cha mstatili, urefu futi 78 na upana futi 27, na hesabu iwe 15, 30, 40. Vipimo hivyo vya kiwanja cha mmoja kwa mmoja havijabadilika hata leo.

Lakini katika jambo moja watu wale tusiwafuate. Waliwaacha wanawake nje miaka saba. Mwaka 1884 ndipo walipowafungulia mlango, wakaingia 13, na Maud Watson akamshinda dada yake Lilian katika fainali. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1887, alishinda msichana wa miaka 15 aitwaye Lottie Dod. Kwa umri huo, kwetu angekuwa kidato cha pili. Mpaka leo hajatokea mwanamke aliyechukua ubingwa ule wa mmoja kwa mmoja akiwa mdogo kuliko yeye. Alishinda mara tano, na mwaka 1908 akapata medali ya fedha ya kupiga mishale katika Michezo ya Olimpiki. Je, katika miaka ile saba ya mlango kufungwa, walipotea wasichana wangapi wa namna hiyo? Hapana awezaye kujua, maana hawakupewa nafasi ya kujaribiwa.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Julai 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake katika nyumba ya watoto yatima mjini Nairobi, alishinda Wimbledon katika mchezo wa wasichana wawili wawili, pamoja na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Sasa nirudi kwetu. Jioni kengele ya michezo ikilia, wavulana huingia kiwanjani, na sisi wasichana husimama pembeni tukiwashikia mashati. Nguzo ya netiboli imebaki moja. Kila mvua zikiisha kiwanja huwa na makorongo, nasi huambiwa tusubiri fedha. Tumesubiri tangu nilipokuwa kidato cha kwanza.

Shauri langu ni hili. Kila muhula tuwe na siku moja ya mashindano ya shule nzima, na kiingilio cha kila mchezaji kiwe debe moja la udongo wa kichuguu. Sisi tutokao Ngumbo na vijiji vingine vya pwani ya ziwa twaujua udongo huo: ukilowanishwa na kushindiliwa huwa mgumu kama sakafu. Huko Australia umetumika kutengenezea viwanja vya tenisi vyenyewe. Wakiingia wachezaji 300, tutapata madebe 300, na makorongo yatafukiwa bila kumdai mzazi hata senti moja. Sheria ziandikwe na kubandikwa ubaoni wiki mbili kabla, ili pasiwe na ugomvi wala upendeleo. Na wasichana tuingie siku ile ile ya kwanza, si baada ya miaka saba. Michezo iwe mpira wa miguu, netiboli, wavu na mbio. Na tenisi pia, kwa kamba katikati na vibao vya mbao badala ya raketi.

Najua majibu nitakayopewa. Wengine watasema michezo hula wakati wa masomo. Fainali ile ya 1877 ilichukua muda mfupi kuliko kipindi kimoja na nusu cha hesabu. Wengine watasema tenisi ni mchezo wa kigeni. Mpira wa miguu nao ulikuja kwa meli, na hakuna anayeukataa. Na wazazi wengine, kwa heshima zao, wataogopa mavazi. Wazazi wetu wapendwa, mabinti wale wa 1884 walicheza wamevaa magauni marefu yaliyofika miguuni, na mshindi akapatikana. Vazi la heshima halimzuii mtu kukimbia. Kinachomzuia ni kuambiwa akae pembeni.

Mwezi wa Novemba mimi nitafanya mtihani wa kidato cha nne na kuondoka. Mashindano hayo hata yakikubaliwa muhula ujao, sitakuwapo kuyacheza. Lakini nina mdogo wangu wa kike anayetazamiwa kuja hapa, naye hukimbia kuliko kaka zake wote. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa michezo walipeleke shauri hili katika baraza la shule kabla hatujafunga, na Mwalimu Mkuu atutajie tarehe. Vichuguu viko tele barabarani, na madebe yako jikoni.