Ardhi kwanza, mahubiri baadaye

Mwalimu wa historia au wa uraia hapa Bunia anapofika kwenye vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, hushawishika kuhubiri. Husema tupendane, sisi sote ni Wakongomani, kisha hukimbilia kwa Leopold wa Pili, ambaye hana jamaa darasani. Namwelewa. Mbele yake wameketi watoto wa Kihema na wa Kilendu, pengine wa Kibira na wa Kialur, na yeye mwenyewe ana kabila lake. Neno likiteleza, kesho wazazi wako mlangoni. Lakini anachokinyamazia, watoto watasimuliwa nyumbani, kila mmoja kwa upande wake, na huko hakuna anayehojiwa.

Makala hii inatetea njia nyingine: mwalimu aanze na ardhi, tena akiwa na karatasi mkononi. Chini ya sheria ya ardhi ya 1973, hati ya shamba isiyopingwa kwa miaka miwili haikutikisika tena. Mtu aliweza kulima alipolima babu yake, akaja kujua siku ya kufukuzwa kwamba shamba lina jina la mwingine. Huko Walendu Pitsi, teritware ya Djugu, ugomvi wa mashamba makubwa ndio uliolipuka mwaka 1999. Basi darasa liulizwe: ofisi ya hati ilikuwa wapi? Nani kijijini alisoma Kifaransa? Ilikuwa kazi ya nani kuwaarifu wakazi? Kwa maswali hayo mtoto wa Kihema na wa Kilendu wanaweza kukaa dawati moja.

Wale wanaoamini kwamba yote yalikuwa chuki ya kikabila tu wasomeshwe pia habari za Juni 1999, pale Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda alipotangaza jimbo la Kibali-Ituri na kuliteulia gavana. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo fidia ya dola milioni 325.

Hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai nazo zisomwe mbili mbili, moja ya kila upande: ya Thomas Lubanga wa kundi la waasi la UPC, 2012, kwa kuwatia jeshini watoto chini ya miaka 15, na ya Germain Katanga, 2014, kwa shambulio la Bogoro la 24 Februari 2003. Mwalimu akisoma moja tu, afadhali angenyamaza.

Wapo watakaosema vita havijaisha. Kweli: tuko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, tangu Mei 2021, na katika madarasa yetu wamo watoto waliokimbia Djugu. Ndiyo maana mwalimu awe na ruhusa ya kusimamisha somo siku akiona nyuso zimebadilika. Hilo mkaguzi asimhesabie kosa.

Na mjadala uwe kwa Kiswahili. Hati ni za Kifaransa. Mwalimu azisome na kuzieleza, ili hata mtoto wa mwisho darasani aweze kumpinga.