Saa za Mwalimu Zipimwe kwa Kazi

Wako wanaodhani kwamba mwalimu mwema ni yule aonekanaye shuleni tangu kengele ya kwanza hata ya mwisho. Dhana hiyo hupima kukaa, haipimi kazi.

Tuchukue hesabu nyepesi. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 90 akitoa zoezi moja tu, na kila daftari likahitaji dakika 2, atasahihisha kwa saa 3 kamili. Hapo hajaandika andalio la somo la kesho, wala hajatengeneza zana. Kazi hiyo humfuata nyumbani usiku, na asubuhi humrudisha darasani akiwa mchovu. Mwalimu mchovu hujaza ubao na kuwaamuru watoto wanakili. Basi hasara ya uchovu wake humwangukia mtoto.

Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa mjini Paris mwaka 1966, lilikwisha kuliona jambo hili. Lilitaka saa za mwalimu zipangwe kwa kuzingatia idadi ya wanafunzi, pamoja na muda wa kuandaa masomo na kusahihisha. Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humruhusu mama anyonyeshaye kutumia hadi saa 2 za kazi kwa siku kumnyonyesha mwanawe.

Kwa hiyo naona vipindi vibaki kuwa lazima, kwa kuwa watoto hawawezi kungojeshwa. Lakini saa zisizo na vipindi mwalimu aachiwe aandae na kusahihisha mahali pamfaapo. Kadhalika, mwalimu mkuu apangapo ratiba aweza kuviweka pamoja vipindi vya mama anyonyeshaye, ili saa zake zisikatwekatwe.

Yupo atakayeuliza: je, mwalimu hatakwenda shambani kwake? Huenda wengine wakaenda. Lakini hata akaaye ofisini akipiga soga hajafanya kazi. Mwalimu mkuu na afungue madaftari ya watoto. Humo ataona mara moja nani amesahihisha na nani hakusahihisha.

Ninyi mnaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, andikeni kila siku saa mlizotumia kufundisha, kuandaa na kusahihisha. Mtakapoajiriwa, endeleeni hivyo, na siku ya kupanga ratiba mwonyesheni mwalimu mkuu hesabu hiyo. Ombi lenye hesabu husikilizwa kuliko manung'uniko.