Kuchapa Nako ni Sanaa

Kuna maneno yanayozagaa shuleni kwamba mwanafunzi wa sanaa ni yule ashikaye brashi tu. Anayechapa fulana kwa skrini, eti huyo ni fundi wa mtaani, si msanii. Mimi nakataa katakata.

Hebu kwanza tuitazame kazi yenyewe. Kitambaa chenye vitundu vidogo mno huwambwa juu ya fremu ya mbao. Chini yake hubandikwa stensili, yaani karatasi iliyokatwa mchoro. Wino humwagwa ndani ya fremu, kisha huburutwa kwa kipande cha mpira. Palipozibwa wino haupiti. Palipo wazi hupenya ukashika fulana. Kila rangi hutaka stensili yake. Mchoro wa rangi 3 una stensili 3, na zisipolingana, jicho litakaa shavuni! Je, hiyo ni kazi ya kufumba macho?

Wapo wasemao kuchapa ni kurudiarudia tu. Mbona basi Andy Warhol wa Marekani alisifika duniani kwa njia hiyo hiyo? Mwaka 1962 alichapa uso wa Marilyn Monroe mara 50 katika kazi moja, nusu kwa rangi na nusu kwa weusi. Uso ni ule ule, lakini wino ukikolea hapa na kufifia pale, kila uso una hali yake. Wala tusiende mbali. Leso za mama zetu, zenye pindo, mji na jina, si huchapwa? Nani atathubutu kusimama mbele ya mama yake aseme leso si sanaa?

Hata hivyo, mgala muue na haki yake umpe. Brashi ina heshima yake. Mchapaji asiyejua kuchora ataishia kuiba michoro ya wenzake. Ndiyo maana nasema mwanafunzi ajue yote mawili: apake rangi ya nyuma kwa brashi, achape juu yake, halafu arudi na brashi kutia kivuli na mwangaza.

Sasa nifikie kiini cha hoja yangu. Kila mwaka vyama na timu zetu hupeleka fulana mjini zikachapwe kwa pesa, ilhali wanafunzi wa sanaa wapo hapa hapa. Papo hapo wengine huliacha somo hili kwa kuwa rangi ni ghali. Kwa nini kazi hiyo wasipewe wao? Fremu zichongwe na wanaosoma useremala, wino ununuliwe na vyama, na faida inunue rangi za darasa. Hivyo hata mtoto wa maskini atasoma sanaa bila kumlilia mzazi.

Mtasema kazi itaharibika. Naam, mwanzoni huenda ikaharibika. Basi tuanze na kadi na majalada ya ratiba za michezo, ambapo hasara ni karatasi tu. Mkono ukizoea, tupande hadi fulana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wenzangu, tusiwacheke wenye wino mikononi. Na ninyi viongozi wa vyama, kabla ya kupeleka fulana mjini mwaka huu, piteni kwanza darasa la sanaa mkaulize.