Hesabu ndogo zinapomeza mkakati

Wiki hii tunaiweka kando orodha ya bei na kuzungumzia mchezo wa kompyuta. Msomaji asicheke, kwani ndani yake mna somo la mtaji.

Katika Civilization III, mchezo wa Kimarekani uliotoka mwaka 2001, mchezaji hujenga dola kwa zamu: anacheza yeye, kisha wapinzani wake. Kazi ya kila mji hupimwa kwa ngao, na askari wa chini kabisa hugharimu ngao 10. Mji unaotoa ngao 9 kwa zamu utamkamilisha kwa zamu mbili, yaani ngao 18, na zile 8 za ziada zinapotea bure. Ndiyo maana mchezaji makini hupitia mji mmoja mmoja kila zamu, akihamisha watu kutoka shambani kwenda mgodini ili hesabu ikae sawa. Akiwa na miji 20, jioni nzima inakwisha kabla hajaamua kama ni vita au amani.

Wengi humlaumu kwamba hana upeo. Sisi hatukubali. Ni kanuni za mchezo zilizomlipa kwa kuhangaika, na asiyehangaika alipata hasara.

Watengenezaji wa michezo ya aina hii wamejaribu dawa mbili. Ya kwanza ni kukasimu. Master of Orion 3 ya mwaka 2003 iliweka maliwali wa kuendesha sayari kwa niaba ya mchezaji. Wachezaji wengi walilalamika kwamba liwali anajenga asichoagizwa, na sababu zake hazieleweki.

Dawa ya pili ilikuja mwaka 2005 katika Civilization IV, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Soren Johnson. Humo, uzalishaji wa ziada huingia katika kazi inayofuata. Kanuni moja tu ikaziba tundu, na mchezaji akapata nafasi ya kuitazama ramani.

Mfanyabiashara ajipime hapo. Mwenye maduka matatu anayeshinda akihesabu chenji si mjinga. Huenda chenji inapotea kweli. Lakini kila saa anayokaa kwenye droo ni saa ambayo hakuitumia kuamua kama afungue duka la nne, anunue hisa au aachane na bidhaa isiyotoka. Kumwachia meneja asiye na daftari linalosomeka nako si mkakati, bali ni kuificha hasara. Na mwekezaji mdogo anayenunua na kuuza kila bei ikitikisika anamlipa dalali kamisheni kila safari.

Ushauri wetu ni huu: tafuta tundu, kisha uzibe mara moja kwa utaratibu. Weka daftari la kuingia na kutoka, hesabu stoo kila Jumamosi, na panga mapema bei utakayouzia hisa zako. Ukishamaliza, inua kichwa utazame soko.