Wasaka wakurugenzi nao waulizwe maswali

Wasomaji wetu wa mipakani wanaikumbuka Celtel. Ilianzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, ikakuzwa kwa fedha za wawekezaji wa mitaji binafsi, na mwaka 2005 ikauzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4 za Marekani. Mwaka uliofuata, mfanyabiashara wa Busia au Namanga akaweza kuvuka mpaka na simu yake na kupiga kwa bei ya wenyeji.

Nayataja hayo kwa sababu mwekezaji wa aina hii hakai milele. Kwa kawaida hutaka kuuza hisa zake baada ya miaka mitatu hadi saba. Kampuni ya teknolojia ikipewa mkurugenzi asiyefaa, mwaka mzima umepotea, na wanaoanza kuumia ni mawakala na vijana wa ngazi ya chini. Ndiyo maana wawekezaji hukodi kampuni za kusaka watendaji wakuu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wakubwa wengi. Wao hutazama jina na ofisi za London au New York. Hawajiulizi kwamba kampuni hizo zimefungwa na ahadi ya kutochukua watu kutoka kwa wateja wao, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili. Kadiri wateja walivyo wengi, ndivyo milango iliyofungwa inavyoongezeka. Unalipa takriban theluthi moja ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa bosi huyo, tena awamu ya kwanza kabla hujaona jina hata moja, kumbe mtu unayemhitaji yuko kwa jirani na msakaji wako haruhusiwi kumpigia simu! Dalali wa mpakani, pamoja na lawama zote tunazomtupia, hulipwa mzigo ukishauzwa.

Bodi zidai orodha ya wasioguswa kabla ya kutia saini. Zimjue pia atakayefanya kazi yenyewe, maana mara nyingi anayekuja na suti kujinadi siye atakayeshika simu. Na mkurugenzi akiondoka kabla ya mwaka kwisha, msako urudiwe bila malipo mapya.

Kwa ndugu zetu mliorejea nyumbani, ambao baadhi yenu mlisimamia mitambo ya simu na benki huko mlikokuwa: msakaji wa kweli hulipwa na mwajiri. Yeyote anayewadai ada ya kuandikishwa, hata awe na ofisi ya vioo ghorofani, mnyimeni pesa na jina lake mlipeleke polisi.