Kupangisha Nyumba si Ubwana

Mji wa Singida unakua, na kila mwenye macho aliona jambo hilo. Pale ambapo zamani palikuwa na tembe na mashamba ya mtama, leo pamesimama nyumba za matofali na bati, na nyingi katika hizo zimejengwa kwa nia ya kupangisha. Wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu, walimu, wauguzi, makarani, mafundi na wachuuzi wa vitunguu na alizeti, wote hutafuta vyumba Mandewa, Misuna, Utemini na Majengo. Wengi wa wenye nyumba hizo si matajiri. Wako wastaafu waliojenga kwa kiinua mgongo, wako wajane, na wako wafanyakazi waliokusanya tofali mojamoja kwa miaka mingi. Kwa hiyo tunapozungumza na wenye nyumba leo, twazungumza na ndugu zetu, na wengine wao ni wanachama wenzetu.

Hatuna budi kukumbushana tulikotoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikayatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Miiko ile ya uongozi ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Nayo sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ikafutwa mwaka 2005. Basi leo mwanachama aruhusiwa kupangisha, na pango hupangwa kwa mapatano ya watu wawili. Lakini ile hofu iliyoleta miiko, yaani hofu ya mtu mmoja kuishi kwa jasho la mwingine pasipo haki, haikufutwa na sheria yo yote. Mahali ambapo sheria imenyamaza, utu ndio unaopaswa kusema.

Jambo la kwanza ni maandishi. Wako wenye nyumba wengi wanaopangisha kwa maneno matupu, na siku ya ugomvi kila mmoja hukumbuka lile limfaalo. Mkataba wa ukurasa mmoja watosha: majina ya pande mbili, chumba kinachopangishwa, kiasi cha pango, siku ya kulipa, nani atalipa maji na umeme, nani atatengeneza kitu gani kikiharibika, na muda wa taarifa kabla ya kuhama au kuhamishwa. Kila upande ubaki na nakala yake. Mwenyekiti wa mtaa akishuhudia, ni bora zaidi. Na kila fedha inayopokelewa iandikiwe risiti, hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki hupotea pamoja nayo.

Jambo la pili ni pango la miezi sita au la mwaka mzima linalodaiwa kwa mkupuo. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Mpangaji aambiwa alete ya miezi sita, yaani shilingi 180,000, kisha dalali naye adai ya mwezi mmoja. Mfanyakazi huyo atatoa shilingi 210,000 kabla hajalala usiku mmoja katika chumba hicho. Atazipata wapi, ikiwa mshahara wake huja mwezi kwa mwezi? Atakopa kwa riba, na mwenye riba ndiye atakayeanza kulipwa. Mwenye nyumba atajibu kwamba naye hukimbiwa na wapangaji na kwamba mafundi wamdai. Twakubali. Lakini dawa ya mpangaji mkimbizi ni kumjua kabla ya kumpa ufunguo: anafanya kazi wapi, alikuwa akiishi wapi, na nani atamdhamini. Mwenye mshahara alipe kwa mwezi, au kwa miezi miwili au mitatu ikibidi. Mkulima na mchuuzi wa alizeti, ambao fedha zao huja baada ya mavuno, hao ndio wanaoweza kupatana malipo ya muda mrefu kwa msimu wao. Pango lifuate njia ya pato la mtu.

Jambo la tatu ndilo linalotuudhi zaidi, kwa sababu ni dogo na limezoeleka. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo imekuwa ikikatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kiwango kikapandishwa hadi shilingi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini mita iko katika nyumba aliyomo mpangaji, na anayenunua umeme wa kwanza katika mwezi ndiye anayekatwa. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, aliyetangulia kuishiwa na umeme ndiye anayemlipia kodi mwenye mali! Tumesikia wakisema kwamba shilingi 18,000 kwa mwaka ni kitu kidogo. Ikiwa ni kidogo, basi na alipe mwenyewe. Njia ni nyepesi. Mwenye nyumba anunue yeye umeme wa kwanza wa kila mwezi, au apunguze kiasi hicho katika pango na kukiandika katika daftari. Tena, jengo moja lenye mita mbili likikatwa mara mbili, ni kazi ya mwenye jengo kwenda kulalamika ofisini, wala si kazi ya mpangaji. Na ile kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokatwa kwenye pango ni kodi ya pato la mwenye nyumba. Asiitafutie mabega mengine kwa kupandisha pango kimyakimya.

Jambo la nne ni matengenezo. Nchi yetu ya Singida ni kavu, nayo ina upepo mkali na mawe makubwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Basi bati na kenchi zikaguliwe Septemba na Oktoba, kabla mawingu hayajakusanyika, wala si siku godoro la mpangaji limeloa. Choo cha shimo kilichochimbwa juu ya mwamba huwa kifupi na hujaa upesi. Anayejenga vyumba kumi na choo kimoja cha namna hiyo anajenga kipindupindu. Maziwa ya Singidani na Kindai yako machoni petu, lakini maji yake ni ya chumvi. Kwa hiyo tangi la kuhifadhia maji ni sehemu ya nyumba kama mlango ulivyo sehemu ya nyumba. Mwenye nyumba na atenge fungu la pango kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, maana anayelila pango lote anaila nyumba yenyewe.

Jambo la mwisho ni kumtoa mpangaji. Ni jambo la aibu kusikia kwamba mtu ametia kufuli juu ya kufuli la mpangaji, au ameng’oa mlango, au ameezua bati huku watoto wamo ndani. Mwenye kufanya hivyo huwa ameigeuza haki yake kuwa kosa, na anayedai huweza kugeuka mdaiwa. Ampe mpangaji taarifa ya maandishi na muda wa kutosha, amwite mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na wakishindwana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wapangaji nao wasidhani kwamba tumewasahau. Anayejificha siku ya pango, anayevunja kitasa akanyamaza, anayehama usiku na deni, huyo anamtesa mjane aliyejenga kwa taabu, na anamharibia mpangaji mwenzake atakayekuja kesho, kwani ndiye anayewafunza wenye nyumba kudai ya mwaka mzima.

Twasema basi: nyumba ni jasho la mwenye kuijenga, na pango ni jasho la mwenye kulilipa. Majasho mawili hayo yaheshimiane. Na kazi ianze mwezi huu, kwa daftari la shilingi chache na kwa umeme wa kwanza ulionunuliwa na mwenye nyumba.